Jinsi ya kuchagua antivirusi ya kompyuta ya nyumbani

Wengi huanza kwa kuuliza antivirusi ipi ni kali kuliko zote. Jibu hubadilika kila baada ya miezi michache, na tofauti kati ya zile tano au sita za mbele ni ndogo kiasi kwamba mtu wa nyumbani hataiona. Yanayotofautiana sana ni mengine: kama unaihitaji kweli, kama mashine yako inaibeba, kampuni inafanya nini na taarifa zako, na mwaka wa pili utakatwa kiasi gani. Ndivyo nilivyoyapanga hapa. Nimeandika hasa kwa watu wa Windows, maana huko ndiko kwenye kazi ya kuchagua. Wa Mac na Linux nimewapa aya yao katika hatua ya pili.

Hatua ya 1: Angalia ulichonacho tayari

Kompyuta yoyote ya Windows 10 au 11 huja na antivirusi ya Microsoft yenyewe, Microsoft Defender, nayo huanza kazi siku ileile unayowasha mashine. Bofya kitufe cha Start, andika Windows Security, kisha ingia kwenye «Virus & threat protection». Ukikuta tiki ya kijani na hakuna jina la kampuni nyingine juu yake, Defender ndiyo inayolinda. Shuka chini kidogo kwenye sehemu ya masasisho uone yameshuka lini mara ya mwisho. Yanatakiwa yawe ya leo au jana. Yakiwa ya mwezi uliopita kuna kitu kimeyazuia, ama intaneti ama Windows Update iliyozimwa, na hilo ulimalize kwanza kwa sababu hata programu ya kulipia itakwama palepale.

Ukikuta jina jingine pale juu, huenda ni antivirusi ya majaribio iliyowekwa na mtengenezaji wa kompyuta. Hizi hukaa kwa muda mfupi, kisha zinaanza kulia kila unapowasha mashine: uko hatarini, lipia sasa. Iliyokwisha muda naiona mbaya kuliko kutokuwa na kitu, kwa kuwa mwenye kompyuta anaiona ikoni yake pale chini na kuamini analindwa, kumbe haipokei tena masasisho. Ama uilipie ama uiondoe. Ukiiondoa na kuzima na kuwasha mashine, Defender hurudi kazini yenyewe.

Hatua ya 2: Pima mazoea ya wanaotumia kompyuta hiyo

Hapa usiwe na haraka, maana antivirusi inayokufaa inategemea zaidi mikono iliyo kwenye kibodi kuliko jina lililo kwenye boksi.

Kama Windows yako inasasishwa, kivinjari ni cha karibuni, programu unazitoa kwa wenyewe waliozitengeneza na viambatisho vya barua pepe huvifungui ovyo, Defender inakutosha. Mimi nisingelipa. Miaka ya nyuma Defender ilichekwa, na ilistahili, lakini siku hizi katika majaribio huru inakaa meza moja na za kulipia.

Ila kuna nyumba ambazo hilo halitoshi. Ya kwanza ni ile ambayo kompyuta inakaa siku nyingi bila intaneti huku flashi zikiingia na kutoka. Antivirusi za leo hufanya sehemu kubwa ya kazi kwa kuuliza seva za kampuni: faili hili mmeliona? Zikikatwa intaneti hubaki na kumbukumbu iliyo ndani ya mashine tu, na baadhi, Defender ikiwemo, hupungua makali. Maabara ya AV-Comparatives katika jaribio lake la programu hasidi (virusi na jamii yake) hutoa alama mbili tofauti, ya kugundua ukiwa mtandaoni na ya kugundua ukiwa nje ya mtandao. Kama hii ndiyo hali yako, hiyo ya nje ya mtandao ndiyo utakayoitazama.

Ya pili ni ile ambayo watu hutumia Chrome au Firefox na wana desturi ya kubofya kila kiungo wanachotumiwa. Kinga ya Microsoft dhidi ya tovuti za ulaghai, iitwayo SmartScreen, inafanya kazi yake kamili ndani ya kivinjari cha Edge. Chrome na Firefox zina orodha yao ya kuonya, ya Google, nayo si mbaya. Lakini mzazi mtu mzima anayefungulia benki kwenye kompyuta hiyo anaweza kufaidika na antivirusi inayokagua viungo katika vivinjari vyote.

Ya tatu ndiyo ngumu: nyumba inayotumia programu za wizi, yaani za kulipia zilizovunjwa leseni. Unapakua faili la kufungua leseni, na ndani yake mna maelezo mafupi yanayosema zima antivirusi kwanza, la sivyo litafutwa. Mtu anazima, anafungua faili, anaona programu imekubali, anafurahi. Hapo hakuna antivirusi duniani itakayomsaidia, maana mlinzi ameambiwa atoke nje na mwenye nyumba. Kinachoingia kwa njia hii mara nyingi ni programu hasidi za kuiba taarifa. Zinachota maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari pamoja na kuki, vile vifaili vinavyoifanya tovuti ikukumbuke kwamba umeshaingia, na kwa kuki hizo mwizi anaweza kuingia kwenye akaunti yako bila hata kuulizwa neno la siri. Moja ya hizo, Lumma, Microsoft iliikuta kwenye kompyuta za Windows zaidi ya 394,000 kati ya tarehe 16 Machi na 16 Mei 2025, miezi miwili tu. Kama nyumbani kuna kijana anayeshusha vitu vya kurahisisha michezo, mfungulie akaunti yake isiyo na mamlaka ya kusakinisha. Itakufaa kuliko antivirusi yoyote utakayonunua.

Jambo jingine la kutazama hapa ni umri wa Windows yenyewe. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Defender humo bado inapokea masasisho ya kutambua virusi, lakini matundu ya mfumo wenyewe hayazibwi tena kwa asiyejiandikisha kwenye mpango wa muda wa nyongeza. Ubaya wa tundu lisilozibwa ulionekana mwaka 2017. Microsoft ilitoa kiraka cha tundu moja la Windows tarehe 14 Machi. Tarehe 12 Mei ikatokea WannaCry, ikapita kwenye tundu lilelile na kufunga mafaili ya watu ili wadaiwe kikombozi. Kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 zilipigwa. Iliruka kutoka mashine hadi mashine kupitia mtandao, bila mtu kubofya chochote, na waliokuwa wameweka kiraka haikuweza kuwaingia kwa njia hiyo. Kwa hiyo ukiwa na fedha ya jambo moja tu, na Windows yako imepitwa, itumie kuhamia toleo linalosasishwa.

Wa Mac: mfumo una XProtect inayotambua programu hasidi na Gatekeeper inayokagua programu kabla haijafunguka kwa mara ya kwanza. Kwa wengi hiyo inatosha. Walaghai wa Mac hawahangaiki kuvunja mlango, wanakuomba uandike neno la siri la kompyuta kwenye kidirisha kinachofanana na cha Apple. Wa Linux nyumbani, antivirusi hamuihitaji isipokuwa mnapokea mafaili na kuyapeleka kwa watu wa Windows, na hapo kuna ClamAV, ya bure.

Kama kwa uliyoyasoma mpaka hapa umejiona kwenye kundi la wanaotosheka na Defender, ruka hadi hatua ya 7.

Hatua ya 3: Soma majaribio, achana na orodha za «kumi bora»

Orodha nyingi za antivirusi kumi bora zinaandikwa na watu wanaolipwa kamisheni unapobofya kiungo chao na kununua. Ndiyo maana majina ya juu hufanana, na kila moja lina punguzo linaloisha leo usiku.

Nenda moja kwa moja kwenye maabara. Tatu zinaaminika: AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, na SE Labs ya Uingereza. Matokeo yao yako wazi na hayalipiwi kusoma. AV-TEST hutoa alama katika mambo matatu, kila moja sita, jumla 18: ulinzi, uzito kwenye mashine, na usumbufu kwa mtumiaji. Wengi husoma ya kwanza tu. Soma na ya tatu, ndiyo inayohesabu mara ngapi programu iliita faili safi kuwa kirusi. Antivirusi inayopiga kelele za uongo inamzoesha mtu kubofya «ruhusu» bila kusoma, na siku kirusi cha kweli kikija atabofya vilevile.

Usibabaishwe na tofauti za desimali. Jaribio likitumia mifano 400, antivirusi yenye asilimia 99.8 na yenye asilimia 99.5 zimepishana kwa mfano mmoja tu. Chukua majaribio matatu au manne yaliyofuatana, uone programu ipi haianguki. Iliyoongoza mara moja kisha ikashuka haina thamani kama iliyoshika nafasi ya tatu mwaka mzima.

Mwisho wa hatua hii baki na majina matatu.

Hatua ya 4: Jua unampa nani funguo

Antivirusi inasoma kila faili unalofungua na kila tovuti unayoingia. Inabidi, ndiyo kazi yake. Kwa hiyo swali la ni ya nani, na anafanya nini na anayoyaona, si la watu wenye wasiwasi kupita kiasi.

Mfano uko kwenye rekodi. Avast ilikuwa na kampuni tanzu, Jumpshot, iliyouza taarifa za tovuti walizotembelea watumiaji wake. Jumpshot ilifungwa Januari 2020 baada ya habari kutoka, na mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikaitaka Avast ilipe dola milioni 16.5 na kuizuia kuuza taarifa za matembezi ya watu mtandaoni kwa ajili ya matangazo. Somo lililobaki ni la vitendo: ukisakinisha antivirusi yoyote, hasa ya bure, fungua mipangilio, tafuta sehemu ya faragha, na uzime kila swichi inayozungumzia kushiriki taarifa na wadau, matangazo au utafiti wa masoko. Ile ya kutuma mafaili yenye shaka kwa uchunguzi unaweza kuiacha, inasaidia ulinzi, ingawa mwenye nyaraka nyeti za kazi ana sababu ya kuizima.

Majina nayo yanadanganya. Norton, Avast, AVG na Avira zote ni mali ya kampuni moja, Gen Digital, na Avast na AVG zinatumia injini ileile, yaani sehemu ileile inayotambua virusi. Ukishindanisha hizo nne unashindanisha ndugu wa tumbo moja.

Angalia pia kama programu inaruhusiwa na inasasishwa mahali ulipo. Juni 2024 serikali ya Marekani ilipiga marufuku kuuza Kaspersky nchini humo, na masasisho yakakoma kwa Wamarekani mwishoni mwa Septemba. Katika majaribio ya maabara programu hiyo ilikuwa ikifanya vizuri miaka yote. Nchi nyingine inaendelea kuuzwa. Iwe una msimamo gani kuhusu uamuzi huo, antivirusi isiyopata masasisho unapoishi haikufai.

Hatua ya 5: Jaribu kama mashine inaibeba

Kompyuta yenye SSD (diski ya kasi isiyozunguka) na RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 8 hutahisi lolote. Yenye GB 4 na diski ya kuzunguka, utahisi. Karibu kila antivirusi ya kulipia ina kipindi cha majaribio, kitumie, na uikwepe inayodai namba ya kadi kabla ya kuanza. Usiipime saa ya kwanza, maana baada ya kusakinishwa huwa inaskani kila kitu. Ipe siku moja. Kisha fanya kazi zako za kawaida: washa mashine, fungua kivinjari chenye vichupo unavyovitumia, nakili folda la picha nyingi kutoka kwenye flashi. Kunakili ndiko kunakofichua zaidi, kwa kuwa kila faili linakaguliwa linapopita.

Hatua ya 6: Soma ukurasa wa malipo taratibu

Bei kubwa iliyoandikwa kwa rangi ni ya mwaka wa kwanza. Chini yake, kwa herufi ndogo za kijivu, kuna bei ya kuhuisha, na si ajabu kuikuta mara mbili au zaidi. Hiyo ndiyo bei halisi, linganisha kwa hiyo. Halafu tazama kisanduku cha kuhuisha leseni kiotomatiki: mara nyingi kimeshatiwa tiki kabla hujafika, na kwa baadhi ya kampuni hakionekani kabisa, inabidi ununue kwanza kisha uingie kwenye akaunti yako ukakizime. Kizime siku hiyohiyo. Ukitaka kuendelea mwakani utalipa mwenyewe, na mara nyingi kwa bei ya mteja mpya.

Vifurushi vikubwa vinakuja na VPN (njia ya siri ya kupitishia intaneti yako), kitunza maneno ya siri, kisafisha kompyuta na vingine. Kitunza maneno ya siri ni kitu kizuri, lakini kipo cha bure kinachosimama peke yake, na ukikichukua ndani ya antivirusi utaona tabu kuhama. VPN ya kifurushi aghalabu ina kikomo cha data kwenye daraja la chini. Visafishaji vya rejista, ile hifadhi ya mipangilio ya Windows, sivipendi kabisa. Havina faida unayoweza kuipima na vina njia nyingi za kuharibu. Kinachostahili kuongezewa fedha ni idadi ya vifaa, kama nyumba ina kompyuta tatu au nne.

Antivirusi ya bure kutoka kampuni nzuri huwa na injini ileile ya ulinzi kama ya kulipia. Unachopungukiwa ni msaada wa simu na nyongeza, na unalipa kwa kuvumilia matangazo. Kwa aliye na Defender tayari, sioni sababu kubwa ya kuibadilisha na ya bure nyingine, isipokuwa yule wa nje ya mtandao niliyemtaja.

Hatua ya 7: Ondoa ya zamani, kisha sakinisha

Mafahali wawili hawakai zizi moja. Antivirusi mbili zinazolinda kwa wakati mmoja hugombania kila faili, mashine inakuwa nzito, na pengine moja inaiita karantini ya mwenzake, pale anapofungia mafaili yenye shaka, kirusi. Defender inajua adabu, hukaa pembeni ikiona nyingine imeingia, lakini hizo nyingine hazijui. Ondoa ya zamani kupitia mipangilio ya programu, zima na uwashe kompyuta, na kama bado kuna mabaki, kampuni nyingi zina kifaa chao cha kusafisha ambacho unakipakua kwenye tovuti yao.

Programu mpya ipakue kwa kuandika mwenyewe anwani ya kampuni. Usibofye tokeo la kwanza la utafutaji, maana pale juu ndipo matangazo yanapokaa, na matapeli nao hulipia matangazo. Usikubali kamwe antivirusi iliyojileta. Unajua ile: uko kwenye tovuti fulani, skrini nzima inajaa nyekundu, kengele inalia, kuna nembo ya Microsoft na namba ya simu, na kihesabio kinachosema virusi vitano vimepatikana. Ukurasa wa wavuti hauwezi kuskani kompyuta yako. Bonyeza Esc kwa muda, na ikigoma bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, chagua kivinjari, kifunge. Ukikifungua tena kataa kurejesha kurasa za mwanzo.

Waliobaki na Defender nao wana kazi ndogo hapa. Kwenye mipangilio yake hakikisha ulinzi wa wakati wote, ulinzi wa wingu (ule wa kuuliza seva za kampuni) na «Tamper Protection» vyote vimewashwa. Hiyo ya mwisho inazuia programu nyingine isizime antivirusi kwa siri. Kisha fungua orodha ya mafaili na folda zisizoskaniwa. Kwenye kompyuta iliyowahi kutumiwa na mtu mwingine, au iliyowahi kuwekewa programu ya wizi, utashangaa kukuta diski C yote imewekwa humo. Futa kila usichokitambua.

Hatua ya 8: Hakikisha inafanya kazi

Kuna faili la majaribio lililotengenezwa kwa kazi hii, EICAR. Ni mstari mmoja wa herufi 68, hauna madhara yoyote, ila kampuni za antivirusi zimekubaliana kuutambua kana kwamba ni kirusi. Nenda eicar.org ulipakue. Ikiwa kila kitu kiko sawa, upakuaji utakatika, au faili litaonekana kwenye folda la vipakuliwa kwa sekunde moja kisha litoweke, na kwenye kona ya chini ya skrini itokee arifa kwamba tishio limezuiwa. Kivinjari kinaweza kulizuia chenyewe kabla antivirusi haijaliona. Basi liweke kwenye flashi kwa kutumia kompyuta nyingine, au pakua lile lililofungwa ndani ya zip ulifungue. Likikaa tulivu kwenye folda na kufunguka bila neno lolote, antivirusi yako imelala. Rudi kwenye mipangilio.

Baada ya hapo skani kompyuta nzima mara moja, usiku, ikiwa kwenye chaji. Ikipata kitu, kipeleke karantini, usikifute papo hapo. Karantini faili haliwezi kudhuru na linaweza kurudishwa ikiwa ni kosa. Ukiitilia shaka hukumu hiyo, lipandishe faili kwenye VirusTotal, tovuti ya Google inayoliskani kwa injini zaidi ya sitini kwa mpigo. Injini mbili zisizojulikana zikilalamika na nyingine zote zikinyamaza, huenda ni kelele ya uongo. Thelathini zikilalamika, achana nalo. Usipandishe nyaraka zako binafsi, kwa kuwa yanayopandishwa pale yanaweza kuonwa na kampuni nyingine za usalama. Na kama kilichokamatwa ni mwizi wa taarifa, kusafisha mashine ni nusu ya kazi. Chukua kifaa kingine kilicho safi, badilisha maneno ya siri ukianza na la barua pepe, kisha kwenye kila akaunti tafuta kitufe cha kuondoa vifaa vyote vilivyoingia, ndicho kinachoziua zile kuki alizochukua.